Bei ya Mdomoni na Bei ya Ufunguo: Mgeni na Nyumba ya Kupanga Bukavu

Anayetafuta nyumba Bukavu hutajiwa bei moja akaja kulipa nyingine. Tuchukue nyumba inayosemwa kuwa ya dola 150 kwa mwezi. Mgeni aliyefika kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au hata Kinshasa huishika hiyo 150, akapiga hesabu ya mshahara wake, akaona anaimudu. Siku ya kupewa ufunguo hesabu inakuwa hivi: garanti (amana) ya miezi mitatu, dola 450, mwezi wa kwanza, 150, komisioneri, yaani dalali, mwezi mmoja, 150. Dola 750 zimetoka kabla hajanunua hata godoro, mbali na vijisenti alivyokuwa akitoa kila alipopelekwa kuona nyumba. Mwenye nyumba akitaka garanti ya miezi sita, na wapo wanaotaka, jumla inafika 1,200. Hapo hajaulizwa bado habari za umeme, maji, mlinzi wa usiku wala shimo la choo lililojaa.

Kwa mwenyeji hakuna kilichofichwa hapo. Ameyajua hayo tangu alipohama kwa wazazi wake, na anapoambiwa "nyumba ni mia na hamsini" anajumlisha mengine kimoyomoyo. Mgeni ndiye anayeyagundua moja baada ya jingine, na kila moja linamfikia kama ada iliyobuniwa kwa ajili yake. Wengi huishia kusema Bukavu ni mji wa wezi. Sikubaliani nao. Wadanganyifu wapo, kama walivyo Kariakoo na Eastleigh, lakini tatizo kubwa naliona mahali pengine: makubaliano ya nyumba katika mji huu huzungumzwa kwa Kiswahili, hutiwa saini kwa Kifaransa, na sehemu kubwa ya mambo ya maana haisemwi wala haiandikwi kwa lugha yoyote, kwa kuwa inadhaniwa kila mtu anaijua. Ada zisizotarajiwa zinakaa katika nafasi hiyo. Ndiyo maana mgeni anayejua Kiswahili naye huumia, na mara nyingine huumia kuliko asiyekijua kabisa, kwa sababu asiyekijua hutafuta mkalimani.

Kwanza tuone kwa nini nyumba zimekuwa ghali na kwa nini zinatajwa kwa dola. Bukavu ina ardhi finyu. Enzi za Wabelgiji iliitwa Costermansville, na Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu huku Waafrika wakitengewa Kadutu na Bagira. Mgawanyo huo unasomeka hadi leo. Muhumba na Nguba, katika komini ya Ibanda, ni mitaa ya kuta, mageti na mandhari ya ziwa. Kadutu nyumba zinapandana kwenye miteremko ya udongo ambao mvua zikishika huporomoka, kama inavyojulikana vizuri pale Funu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi kwa wingi usiosahaulika, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada. Vita vya 1996 na 1998 vikawasukuma watu wa vijijini kuingia mjini. Baadaye wakaja wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, ambao kikosi chao kilifunga shughuli zake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Wenye mishahara ya dola walipandisha bei za nyumba za kando ya ziwa, na waliokimbia vijijini wakajaza vyumba vya mabondeni na vilimani. Mwenye nyumba aliyeshuhudia faranga ya Kongo ikiyeyuka mwaka hata mwaka hana sababu ya kuacha dola.

Dola yenyewe ina masharti. Noti yenye mchaniko mdogo pembeni, hata usiozidi unene wa ukucha, hurudishwa. Noti kuukuu za toleo la zamani hurudishwa pia. Mgeni aliyebadilisha pesa mpakani bila kukagua noti moja moja hujikuta na dola 20 ambazo kila mtu anakiri ni halali na hakuna anayezipokea isipokuwa kwa kukatwa. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, benki zilifungwa, na watu wakategemea pesa za simu na safari za kuvuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kutafuta noti. Kila hatua ya kuigeuza pesa ya simu kuwa karatasi ina makato yake. Kwa hiyo kodi ya 150 inaweza kumgharimu mpangaji zaidi ya 150 na mwenye nyumba asipate hata senti ya ile ziada.

Garanti ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayobeba fedha nyingi na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mtanzania amezoea mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ni mzigo, lakini ukishautua, umetua: miezi sita hugongewi mlango. Sasa mtu huyo akisikia "miezi tatu" Bukavu, anaelewa amelipa miezi mitatu. Mwezi unaofuata mwenye nyumba anakuja kudai, yeye anashangaa, naye mwenye nyumba anashangaa kwa nini mtu mzima asiye na shida ya kusikia anajifanya hakusikia. Miezi ile mitatu haikuwa kodi. Ni amana inayokaa kwa mwenye nyumba hadi siku ya kuhama, na kila mwezi unalipa kama kawaida. Neno "kodi" nalo halisaidii, kwani huku kwa watu wengi linaleta mawazoni ushuru wa serikali, na anayeulizia "kodi ni kiasi gani" anaweza kujibiwa jambo tofauti na alilouliza.

Sheria kuhusu garanti ipo na ni wazi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa biashara, inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Utekelezaji ni suala jingine, hata katika mji mkuu: mwaka 2025 gavana wa Kinshasa alilazimika kutoa amri ya kukumbusha kikomo hicho hicho, kwa kuwa wenye nyumba walikuwa wakidai miezi kumi na kuendelea. Bukavu haijafika huko kwa kiasi hicho, ila anayedai miezi sita hajioni kama mvunja sheria. Anaona anajilinda.

Anajilinda na nini? Hapa ndipo mambo yanapofungamana. Mkopo wa benki wa kujengea nyumba si kitu ambacho mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa soko la Nyawera anaweza kukitegemea. Anayejenga hujenga kwa akiba, kwa michango ya familia na kwa garanti. Anamaliza vyumba viwili, anapata wapangaji, garanti yao inageuka mabati ya chumba cha tatu. Siku mpangaji wa kwanza anapohama, fedha yake iko juu ya paa. Atarudishiwa pale mpangaji mpya atakapoleta garanti yake, na ikiwa mpya hajapatikana, atazungushwa. Wapangaji wameshaijua njia hii, kwa hiyo wengi huamua kuila garanti: miezi mitatu ya mwisho hawalipi chochote, wanakaa hadi amana iishe, ndipo wanahama. Mwenye nyumba anabaki na ukuta uliotoboka, bili ya umeme isiyolipwa, na hana cha kukatia. Mpangaji anayefuata ataombwa miezi minne au sita kufidia hofu hiyo. Kila upande unafanya jambo la busara kwake, na matokeo yake ni bei inayozidi kupanda kwa mtu ambaye hajafika bado. Mgeni, ambaye hajui kwamba garanti inaweza kuliwa na wala hana ndugu wa kumdai mwenye nyumba baada ya yeye kuondoka mjini, ndiye anayeiacha mara nyingi zaidi. Ndege yake au basi lake haliwezi kusubiri.

Komisioneri namhukumu kwa ukali kidogo, japo najua wengi wao ni vijana wasio na kazi nyingine. Mji usio na orodha ya nyumba zilizo wazi unamhitaji mtu anayejua nyumba ipi inahamwa wiki ijayo, na kujua huko ni kazi halali inayostahili malipo. Ubaya uko katika jinsi malipo yalivyopangwa. Analipwa mpangaji anapoingia, basi. Mpangaji akikaa miaka mitano, komisioneri hapati kitu. Akihama kila baada ya miezi minane, komisioneri anakula kila mara. Hana sababu ya kukueleza kwamba kisima cha parsele, yaani kiwanja, kinakauka Julai, wala kwamba mwenye nyumba ana kesi ya kiwanja na kaka yake. Mara nyingi pia yeye ndiye mkalimani wa mgeni. Yaani mtu anayefaidika na wewe kutia saini ndiye anayekueleza unachotia saini. Udhaifu huu wa kumweka mtu mmoja katika viti viwili ni mkubwa kuliko zile dola 150 zenyewe.

Baada ya kuingia ndipo zinapokuja ada za parsele. Wapangaji wengi wa Bukavu hawaishi katika nyumba inayojitegemea. Wanaishi kwenye kiwanja kimoja chenye familia nne, tano au zaidi, pamoja na mwenye nyumba au jamaa yake. Mita ya umeme ni moja. Umeme wenyewe unatoka Ruzizi, kwenye kituo cha kwanza cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kilichojengwa enzi za ukoloni na kile cha pili, kilichoanza mwaka 1989, ambacho Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Hautoshi, na unakatika. Bili au vocha ikija inagawanywa. Kwa kigezo gani? Wapo wanaogawa kwa idadi ya nyumba, wapo wanaogawa kwa idadi ya taa, wapo wanaogawa kwa vichwa. Mpangaji mwenye balbu mbili na simu anaweza kulipa sawa na jirani anayepikia resho ya umeme na kupiga pasi za wateja. Hakuna aliyemwibia. Ni utaratibu wa parsele, uliokubaliwa kabla hajaja, na hakuna aliyefikiri kumweleza. Maji ya shirika la Regideso ni vivyo hivyo, na yakikatika kuna bei ya bidoni la lita 20 lililopandishwa mlimani na kijana wa kubeba, bei inayopanda kadiri nyumba inavyokaa juu. Nyumba ya bei nafuu kule juu kwa sehemu ni nafuu kwa sababu hiyo, na familia ya watu sita ikijumlisha bidoni za mwezi mzima inaweza kukuta tofauti yote na nyumba ya chini imekwisha. Ongeza mlinzi, taka, na siku shimo la choo likijaa, mchango wa kulinyonya. Mpangaji aliyeingia wiki iliyopita huchangia sawa na aliyelijaza kwa miaka mitatu.

Kuna tozo moja zaidi ambayo huwapata hasa wanaopangishiwa na mashirika au kampuni: kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba. Kwa sheria-amri ya mwaka 1969, kiwango kilichotumika kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 22, na shirika au kampuni inayolipa pango ilitakiwa kuzuia asilimia 20 na kuiwasilisha yenyewe kwa wakusanyaji wa kodi. Mzigo kisheria ni wa mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mapato. Kwa vitendo wenye nyumba wengi hutaja bei "safi", wakimaanisha kwamba kodi itakuwa juu ya mpangaji. Shirika lililokubali dola 1,000 bila kuuliza ni safi au la linaweza kujikuta linatoa zaidi ya 1,200. Kutoelewana huku kumekuwa chanzo cha magomvi kati ya watu waliosoma, wenye mawakili, waliotia saini karatasi yenye mihuri. Ikiwa wao wanapotea, muuza vitenge kutoka Kigoma atapona vipi?

Sasa lugha. Bukavu ina Kiswahili chake, kitamu na chepesi, kilichochanganyika na Kifaransa, na nyuma yake kuna Kishi cha wenyeji wa milimani, Kirega cha wale wa Shabunda na Mwenga, Kihavu cha Kalehe na Idjwi. Mtu wa pwani akifungua mdomo anatambulika hapohapo kwamba anasema Kiswahili bora, na hupendwa kwa hilo. Hupandishiwa bei kwa hilo pia, kwa sababu Kiswahili bora ni dalili ya mtu aliyetoka mbali, na aliyetoka mbali hudhaniwa kuwa na pesa. Mkongo wa Kinshasa anayesema Lingala hayuko salama zaidi. Huku mashariki Lingala imezoeleka kuwa lugha ya askari, na mwenye nyumba anapoisikia anajiuliza kama kodi italipwa. Hata mama aliyekimbia kijiji chake akaingia mjini akijua Kirega tu ni mgeni mbele ya karatasi ileile. Ugeni wa Bukavu hauanzii mpakani.

Tarakimu zinaongeza kazi. Mazungumzo yakiwa ya Kiswahili kabisa, pesa hutajwa kwa Kifaransa: mtu ataeleza chumba, choo na jiko kwa Kiswahili, kisha bei itoke "cent cinquante". Na Kifaransa hicho ni cha Kibelgiji: sabini ni "septante" na tisini ni "nonante", siyo kama alivyofundishwa Mkenya aliyejifunza kutoka vitabu vya Ufaransa. Mtu akisikia nusu na kuitikia kwa kichwa, amekubali.

Karatasi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi ni ukurasa mmoja au miwili, fomu iliyokwisha kuchapwa, yenye nafasi za kujaza kwa kalamu: jina la anayepangisha, jina la mpangaji, anwani, bei, muda. Sehemu zinazojazwa kwa mkono ndizo ambazo mpangaji alizizungumzia, na ndizo anazozitafuta kwa macho: jina langu lipo, 150 ipo, sawa. Hatari iko katika sehemu zilizochapwa. Humo kuna sentensi inayosema mpangaji anaipokea nyumba katika hali aliyoikuta, maana yake bomba bovu ni lake. Kuna inayomtaka aiache nyumba ikiwa imepakwa rangi upya, gharama ambayo mwishoni hutolewa kwenye garanti. Kuna inayosema gharama zote za matumizi ni juu yake, bila kutaja ni zipi wala zinagawanywaje. Hakuna lililoandikwa kwa siri. Limeandikwa kwa lugha ambayo watu wawili waliokaa mezani hawakuitumia kuzungumza, na mara nyingi hata mwenye nyumba hajaisoma. Aliinunua fomu kama ilivyo. Nimeona kwamba hili ndilo linalosahaulika zaidi katika malalamiko ya wageni. Mwenye nyumba naye anaweza kuwa mgeni katika mkataba wake mwenyewe.

Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo serikali itahakikisha zinaendelezwa bila ubaguzi. Kifungu cha 18 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Kwa hiyo msingi wa kutaka mtu aelezwe kwa lugha yake umo ndani ya katiba. Sioni kwa nini anayejifunga kwa mkataba wa fedha za miezi sita ya mshahara wake astahili maelezo machache kuliko mtuhumiwa wa wizi wa kuku.

Uganda walilitazama jambo hili kwa njia ninayoipenda. Tangu enzi za ukoloni wana sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na ndani yake asiyejua kusoma ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa mwandiko au lugha iliyotumika katika hati husika. Kwa maana hiyo profesa wa Bukavu mwenye shahada tatu za Kifaransa, akipewa mkataba wa Kiingereza Kampala asioweza kuusoma, analindwa na sheria hiyo. Aliyemwandikia hati anatakiwa kuandika kwenye hati hiyo jina lake kamili na anwani yake, ili ajulikane nani aliandika na nani anaweza kuulizwa. Ni sharti dogo sana, na linabadilisha mengi: mkalimani anakuwa na jina.

Watu wa Bukavu wanalihitaji hilo wao wenyewe, maana wao nao ni wapangaji ugenini. Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo wa Kivu Kusini walivuka kuingia Burundi. Waliokuwa na chochote mfukoni hawakubaki kambini. Walitafuta vyumba Bujumbura, na wengi walielekea Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Unafuu wa lugha una bei: mtaa unaoelewana na mgeni hujaa haraka, na chumba hupanda. Aliyekwenda mitaa mingine amekutana na Kirundi na faranga nyingine kabisa, akajifunza upya kila kitu alichokuwa akikijua kwao, pamoja na mahali pa kwenda kulalamika.

Walioenda mbali zaidi, Marekani kwa mfano, ambako kwa miaka kadhaa kabla ya 2025 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopewa makazi, wanakuta mambo yaleyale yamevaa nguo nyingine. Kuna ada ya kuomba tu kufikiriwa, ambayo hairudi hata ukikataliwa. Kuna amana, kuna faini ya kuchelewa siku chache, kuna mkataba wa kurasa nyingi wa Kiingereza. Anayetafsiri mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na miwili aliyewahi kuanza shule kabla ya wazazi. Mtoto huyo anajua Kiingereza cha darasani. Maneno ya kisheria hayajui, na aibu ya kumwambia baba "sijaelewa" inamfanya akisie. Kosa lake linaweza kuigharimu familia amana nzima. Tofauti na Bukavu ni moja, na ni kubwa: kule mkataba ukiandikwa kwa kawaida unafuatwa, kwa hiyo usichokielewa kitakupata bila kukosa. Bukavu mengi hujadiliwa hata baada ya saini, na mgeni mwenye subira, anayemsalimu mama mwenye nyumba kila asubuhi na kumtembelea akiugua, hupunguziwa mengi ambayo karatasi ingemdai.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa wageni ni wa karatasi tu: soma, andika, piga picha. Ni ushauri mzuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mpangaji aliyepiga picha kuta zote siku ya kuingia, akaandikiana na mwenye nyumba idadi ya vioo na vitasa, ana cha kusimamia siku ya garanti. Risiti ya kila mwezi ni lazima hata kama mwenye nyumba ni mchungaji. Lakini Bukavu ugomvi wa nyumba hauanzii mahakamani. Huanzia kwa wazee wa parsele, ukaenda kwa mkuu wa avenyu na wa kartie, kisha huduma ya makazi ya komini, na mwisho kabisa mahakama ya amani. Katika hatua zote za mwanzo kinachosikilizwa ni ushahidi wa majirani, na jirani hamtetei mtu asiyemjua. Tangu mji ulipobadilisha utawala mwaka 2025 hatua za juu za ngazi hii zimeyumba, na za chini zimebeba uzito zaidi. Mgeni anayejifungia ndani na kuongea na komisioneri peke yake amejinyima mahakama yake ya kwanza.

Kuna maswali ambayo yakiulizwa kwa sauti mbele ya watu wawili kabla pesa haijatoka, nusu ya ada zisizotarajiwa hutoweka. Garanti ni miezi mingapi, na itarudishwa lini: siku ya kutoa ufunguo au siku ya kupatikana mpangaji mwingine? Umeme unagawanywaje, na nani ana resho? Bei hii ni safi au kodi ya serikali imo ndani? Shimo la choo lilinyonywa lini? Mwenyeji hatayaona matusi. Atacheka kidogo, atajibu, na majibu yake yaandikwe palepale nyuma ya fomu, kwa Kiswahili, kila mmoja aweke saini.

Lakini si haki kumwachia mgeni kazi yote. Bukavu ina vitivo vya sheria katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki na katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, ina chama cha mawakili, ina wakuu wa komini ambao fomu za upangaji hupita mezani kwao. Kuandaa mkataba wa kurasa mbili, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili cha kueleweka upande wa pili, wenye mistari ya kujaza namna umeme unavyogawanywa na hali ya kila chumba, ni kazi ya wiki chache kwa wanafunzi wa sheria na walimu wao. Kuuchapisha mkataba huo na kuuuza kwa bei ya fomu za sasa hakuhitaji mfadhili. Ungewafaa wenye nyumba kama wapangaji, kwa sababu mwenye nyumba aliyeeleweka hana haja ya garanti ya miezi sita. Nawaomba walioko kwenye nafasi hizo waianze kazi hiyo bila kungoja amani kamili. Na wewe unayekwenda kutia saini wiki hii, mwambie aliyeiandika hiyo karatasi akusomee yote kwa Kiswahili mbele ya jirani mmoja, mwanzo hadi mwisho, na usihesabu dola hata moja kabla hajamaliza.